Majani ya Migomba Chini ya Jeneza la Baba

Mimi ndiye niliyemwangusha baba yangu barabarani siku ya mazishi yake, na sisemi hivyo kwa mafumbo, maana watu wa kwetu juu ya Runyenjes waliona, mchungaji aliona, kwaya ya akina mama iliona, na mpaka leo nikishuka matatu stejini lazima kuwe na mtu wa kunitazama mara mbili.

Nilikuwa nimetoka Isiolo (kabla ya hapo Ruiri, kabla ya hapo sijui wapi, miguu yangu haijawahi kutulia) na nilifika wakati kaka yangu Nyaga ameshamaliza kila kitu, jeneza, mahema, chakula. Nikaona haya kuja mikono mitupu. Kwa hivyo tulipokuwa mochari kule Embu nikaomba kazi hata moja, naye akaniambia, "Haya, Mugendi, hakikisha mzee amekaa vizuri kwa pikapu."

Jeneza lilikuwa refu kuliko pikapu, mlango wa nyuma tukauacha wazi, na mimi kwa kuona huruma baba asigongwegongwe na mabati, nikakata majani mabichi ya migomba nikayatandika chini yake. Kariuki, jirani yetu aliyekuwa dereva, akanipa kamba. Nikamwambia haina haja. Nilisimama mbele ya shangazi zangu nikamweleza habari ya msuguano, kwamba uzito wa jeneza unalibana chini na kitu kizito namna ile hakitelezi ovyo (fizikia ndilo somo pekee nililolipenda shuleni, na nilitaka waone kwamba kutangatanga hakujanifanya mjinga).

"Mwalimu amesema," Kariuki akaguna, akairusha kamba chini ya kiti.

Nilichosahau ni kwamba msuguano hautegemei uzito peke yake, unategemea pia vitu vinavyogusana, na hakuna mtoto wa kwetu asiyejua jani bichi la mgomba linavyoteleza, tuliyakalia hayo hayo kushukia milima mpaka kaptula zikatoboka.

Kwenye lami hakukuwa na shida. Tulipoacha lami tukaanza kupanda kati ya mashamba ya majani chai, mvua ilikuwa imenyesha, pikapu ikakwama kwenye mlima, magurudumu yanazunguka tu bila kushika. Tukashuka kusukuma. Nyaga, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, akashika nyuma kabisa, katikati. Tulisukuma ikagoma, Kariuki akaongeza mafuta, halafu ghafla magurudumu yakapata changarawe na pikapu ikaruka mbele. Jeneza halikwenda nayo. Lilibaki pale pale lilipokuwa, kwa sababu kitu kilichotulia hutaka kuendelea kutulia mpaka kitu kingine kikivute, na chini yake hakukuwa na cha kulivuta ila majani yangu. Gari likaondoka, jeneza likabaki hewani, likashuka.

Nyaga angeweza kuruka kando kama sisi wengine. Alilikumbatia. Uzito na mteremko vikawachukua wote wawili mpaka mtaroni, na mguu wake ulipovunjika niliusikia.

Kwaya ya akina mama, iliyokuwa ikitufuata kwa miguu, ikakatiza wimbo. Kariuki akashuka, akatazama mtaroni, akanigeukia.

"Sasa eleza," akasema.

Nikateremka mtaroni. Kifuniko hakikufunguka, hilo namshukuru Mungu. Nyaga aliomba abebwe mpaka kaburini kwanza, mama akakataa kwa sababu mfupa ulikuwa unaonekana, pikapu ikageuzwa kumrudisha Embu hospitalini, nasi tukambeba baba mabegani kwenye matope. Mchungaji alipomwita mtoto wa kwanza atupe udongo, mama hakuniangalia. "Hayuko," akasema. "Ita huyo mwingine." Nikautupa, watu wote wakiutazama mkono wangu.

Kabla ya majuma mengi kupita nilikuwa nimeondoka tena, na nimeapa kwamba popote nitakapokuwa, sitatafuta tena kuonekana najua kwa hasara ya mtu mwingine. Nyaga anatembea kwa fimbo. Hajawahi kunilaumu. Nilipokwenda kumwona wodini aliniuliza jambo moja tu, kama ule udongo ulikuwa mkavu au ulikuwa umelowa. Nikamwambia ulikuwa umelowa, unashikana mkononi. Akageukia ukutani, akasema angependa kuushika.