Jino la Kwanza na Panya wa Mtaa Wetu

Keti karibu, msomaji wangu, nikueleze taratibu, maana usipojua desturi yetu ya jino hutaelewa kwa nini mama yangu aliogopa vile. Kwetu Butembo, mtoto aking'oka jino la kwanza halitupi ovyo. Hulirusha juu ya paa na kumwita panya achukue la zamani, alete jipya. Lazima amwite kwa sauti. Ukinong'ona, tuliambiwa, panya hasikii, na utabaki na pengo hadi uzeeni.

Jambo la pili ni hili: wakati ule wa vita, katika mtaa wetu wa Vulamba, neno "panya" lilikuwa na kazi nyingine. Askari waliopiga kambi kwenye shule ya jirani walipita nyumba kwa nyumba wakichukua walichokikuta. Watu wazima hawakuthubutu kuwataja. Walisema tu, "Panya wanapanda," na mara milango inafungwa, vijana wanaingia migombani. Nilikuwa na miaka sita na hakuna aliyenieleza. Kuku wa jirani alipotoweka, walisema panya wamemla, nami nikadhani mtaa wetu una panya wakubwa mno.

Jino lilitoka alasiri moja, nikitafuna hindi la kuchoma. Mama alikuwa ndani akichagua maharagwe. Nilitoka uani, nikalirusha juu ya mabati, nikapaza sauti yangu yote:

"Panya! Panya! Kamata jino ya zamani, leta ya mupya!"

Nadhani majirani walisikia neno la kwanza tu. Mlango mmoja ulibamizwa, kisha wa pili. Sufuria ilianguka mahali fulani. Vijana wawili waliruka ua wetu wakakimbilia bondeni. Na kweli, askari wawili walikuwa njiani, wakaona watu wanakimbia. Mmoja wao akasukuma lango letu.

"Nani anaita panya hapa?"

Mama alitoka mbio. "Ni mutoto, afande. Jino yake imetoka."

"Mutoto ndiye anakimbiza batu bote vile?" Akainama mbele yangu. "Fungula kinywa."

Nikafungua. Damu ilikuwa bado inatoka. Akalitazama pengo kwa muda.

"Uliita panya gani?"

Mkono wa mama ulinibana bega. Mimi, nikitaka kumsaidia, nikajibu vizuri kama ninavyomjibu mwalimu:

"Ile yenye ilikula kuku ya jirani."

Askari aliyebaki njiani alicheka. "Panya ya kula kuku! Ya Butembo iko na nguvu, eh!"

Huyu aliyeingia kwetu hakucheka. Aliinua macho kwa mama. Bega langu lilikuwa limelowa jasho la kiganja cha mama. Hapo ndipo nami nikaogopa, ingawa sikujua nimekosa wapi.

"Mama, unafundisha mutoto nini?"

"Hapana kitu, afande. Ni mutoto tu."

"Basi mufundishe kufunga kinywa."

Akaenda. Lango lilibaki wazi, na mama hakuthubutu kulifunga mpaka viatu vyao vilipoacha kusikika. Kisha alinivuta ndani, akakaa sakafuni, akanieleza maana ya lile neno, sikioni.

"Hapana sema tena nje. Unasikia?"

"Na panya ya jino, alisikia?"

"Bote balisikia," alisema, yaani wote walisikia.

Wiki ile majirani walibadilisha neno. Safari hii mama aliniambia jipya siku ileile, kabla ya uji. Lakini woga ulikuwa umeshaingia. Jino la pili lilipoanza kucheza, nililizuia kwa ulimi siku nyingi, na lilipotoka nililimeza nisije nikaita mtu yeyote.

Kama nyumbani mwenu kuna neno mnalolificha, mketishe mtoto leo, mwambie maana yake, kisha mwache akurudishie kwa maneno yake mwenyewe mpaka uone ameelewa.