Maharage ya Siku ya Upatanisho

Wanaume tisa wamekaa katika chumba changu cha mbele. Wameoga, wamevaa mashati meupe, vitabu viko mkononi, halafu wananiambia hawawezi kuanza kuomba. Kwa nini? Kwa sababu hawajatimia kumi, wanaume kumi wa dini yao. Miaka yote ya vita ile ya Wajerumani, hilo ndilo lililonichosha kuliko mengine, na mengine yalikuwa mengi.

Nilikuwa nimeolewa na mfanyabiashara Myahudi, mtu wa kisiwa cha mbali, huko kwenye bahari ya Wagiriki na Waturuki. Mimi ni Muhunde, mtoto wa wakulima wa Masisi, huku Kongo, nimebatizwa misheni. Duka letu lilikuwa kando ya barabara ya Mweso. Bwana yangu alinunua maharage na ngozi, akauza vitambaa, chumvi na sabuni. Wayahudi wenzake walikuwa wametawanyika: mmoja Ngungu, wengine Masisi, wengine ng'ambo ya msitu, Walikale, kwenye machimbo. Hawakuwa na sinagogi. Walikuwa na Torati moja tu, imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi ndefu inayoviringishwa, na Torati hiyo ilikaa katika kabati langu kwa sababu mchwa hawakuwa wamelifikia. Nguo zangu zilihamia kwenye sanduku chini ya kitanda.

"Na mimi je?" nilimuuliza bwana yangu siku moja. "Mimi niko hapa, dada yangu iko hapa. Hatufike kumi?"

"Hata mukikuwa mia, Mama," akajibu kwa upole, "njo tisa tu."

Nikarudi jikoni nikagongagonga sufuria mpaka akafunga mlango.

Na msifikiri wakitimia kumi ndipo amani inaingia. Kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Papa wa Ngungu, mwenyeji wa kisiwa kilekile cha bwana yangu. Yeye ndiye aliyewaongoza katika sala, na alidhani kwamba Mungu hasikii sauti nyingine. Na kulikuwa na fundi wa mashine wa machimbo ya Omate, kule Walikale, Myahudi Mpolonia, mrefu, mwenye kukohoa, aliyejifunza sala zilezile kwa namna nyingine. Mmoja akiimba, mwingine anatikisa kichwa. Mmoja akisema tusimame, mwingine anakaa. Walipokutana nyumbani kwangu kwa Pasaka yao waligombana juu ya mchele: watu wa kisiwa wanakula mchele siku zile, Wapolonia hawaugusi. Mchele nilikwisha kuupika. Fundi aliondoka na njaa yake, na tangu siku ile wale wawili hawakusemeshana. Kila mmoja aliapa hataingia tena chumba kimoja na mwenzake.

Halafu vita ikatukuta. Kisiwa chao kilikuwa chini ya Italia, basi Italia ilipoingia vitani upande wa Wajerumani, serikali ya Wabelgiji ikasema hawa ni Waitalia, ni maadui. Fikiri jambo hilo. Waitalia walikwisha kuwafukuza ndugu zao shuleni na kazini kwa sababu ni Wayahudi, na huku kwetu wananyang'anywa redio kwa sababu ni Waitalia! Wakakatazwa kusafiri bila ruhusa. Fundi, kwa kuwa ni Mpolonia, hakuwa adui, lakini machimbo hayakumwachilia: mashine za vita zinataka madini, na mashine za madini zinamtaka yeye. Kwa hiyo adui hatembei, rafiki hatembei, na Mungu anangoja kumi.

Walikuja hata hivyo. Walipita njia za mashamba na kukwepa barabara kuu, wafanyabiashara wanene waliozoea kukaa dukani, wakifika na matope mpaka magotini. Nilikuwa nawakasirikia kwa viatu vyao sakafuni, na papo hapo nilikuwa najua wamehatarisha kufungwa. Mtu anaweza kuyabeba yote mawili.

Mwaka mmoja kulitokea machafuko msituni, upande wa Walikale. Watu walikuwa wamechoshwa na kazi ya lazima, kugema utomvu wa mpira wa porini na kulima kwa kupigwa fimbo, na wahubiri fulani waliwaambia mwisho wa wazungu umekaribia. Askari wakajaa njiani. Bwana mkubwa wa serikali akatangaza kwamba ni marufuku watu kukusanyika kuomba pasipo padri wala mchungaji. Hakuwa akiwawaza Wayahudi, lakini amri haiulizi ulikuwa unamfikiria nani.

Na sikukuu yao kubwa ilikuwa inakaribia, Siku ya Upatanisho, wanapofunga chakula na maji toka jua kuzama mpaka jua kuzama tena, wakiomba mchana kutwa.

Walikuja wawili watatu kushauriana, wakabishana. Huyu anasema kila mmoja aombe kwake. Yule anasema huko Ulaya watu wanakufa kwa kuwa ni Wayahudi, sisi tunaogopa kufungwa wiki moja? Mwingine anauliza watoto wake watalishwa na nani. Nilikuwa napitisha chai, nikachoka.

"Bapapa," nikasema, "sauti yenu inafika mpaka kwa mto. Mukitaka kuomba, mutaomba hapa. Mimi nitapanga ya inje. Mabishano muende nayo kwenu."

Bwana yangu akaniangalia kama vile anataka kucheka na hathubutu.

Nilikwenda kwa mama yangu. Mama hakuwa amependa ndoa yangu. Alisema nimeolewa na mtu asiye na ukoo wa kupelekewa mashauri. Lakini alikuwa mkubwa wa wanawake wa kilima chetu, na wakati ule kila kilima kililazimishwa kutoa maharage ya wafanyakazi wa machimbo, maharage safi, yasiyo na mawe wala wadudu.

"Mama," nikamwambia, "ile maharage ya serikali tuichagulie ku baraza yangu, siku moja, banamuke bote."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza. Alinitazama sana.

"Banaomba Mungu gani, bale?"

"Mungu wa Ibrahimu. Njo ule ule wa misheni."

"Na banakataziwa?"

"Banakataziwa."

Akatema mate pembeni. "Sisi banatulazimisha kulima, bale banabakataza kuomba. Nitakuja."

Asubuhi ya siku ile baraza lilijaa. Wanawake walikuja na ungo zao, na watoto mgongoni, wakamwaga maharage juu ya mikeka. Ndani, wanaume walifunga madirisha. Nikahesabu toka mlangoni, nikataka kulia kwa hasira. Tisa! Papa wa Ngungu alikuwa amefika tangu jana, mzee vile, kwa miguu, akishuka na kupanda milima. Aliyekosa alikuwa fundi, na hakuna aliyemtegemea. Omate ni mbali, daraja lilikuwa limebebwa na maji, na aliapa mwenyewe.

Waliomba zile sala zisizohitaji kumi, wakazirudia, wakaketi. Kiu iliwakausha midomo. Nje maharage yalianguka kwenye ungo kama mvua ndogo. Bwana yangu alikuja mlangoni.

"Mama, tusamehe. Tumewasumbua bure."

"Rudi ndani," nikamwambia. "Sikukusanya kilima kizima kwa ajili ya tisa."

Jua lilikuwa limeshapita katikati wakati wanaume watatu walipotokea njiani kutoka upande wa msitu. Wawili walikuwa wawindaji wa Walikale, na mishale, na mbwa wao mwembamba. Katikati yao walimshika mtu mrefu mwenye kukohoa. Gari lake lilikuwa limekwama darajani tangu jana yake. Wawindaji walimvusha mto begani, wakalala naye kambini kwao, wakamwongoza kwa njia zao ili asikutane na askari, ambao wawindaji wenyewe pia hawakutaka kukutana nao.

Fundi alipita katikati ya maharage, akaingia. Na jambo la kwanza aliloambiwa, baada ya safari ile, lilitoka kwa Papa wa Ngungu, kwa Kiswahili, kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja:

"Umesafiri siku takatifu!"

"Nimetembea wewe upate kumi, muzee!"

"Na umevaa viatu vya ngozi. Leo ngozi ni mwiko."

"Basi nitembee pekupeku mu miiba?"

Niliweka mkono kichwani. Nilikuwa tayari kuingia niwatoe wote wawili. Lakini Papa wa Ngungu alishika ukingo wa meza, akapiga magoti polepole mbele ya fundi, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Kamba zilikuwa zimevimba kwa maji. Soksi ilitoka pamoja na ngozi ya kisigino. Mzee akaikunja soksi ile taratibu, akaiweka chini, akabaki ameushika ule mguu.

"Viatu vya ngozi haviruhusiwi," akasema tena, lakini sasa sauti ilikuwa imevunjika.

Fundi akamshika kwapani, akamwinua. Wakaanza.

Na walipoanza, walisahau kila kitu nilichowaagiza! Niliwaambia waombe kwa sauti ya chini. Wakaomba kama watu wanaoita mashua ng'ambo ya mto. Fundi kwa namna yake, Papa kwa namna yake, na safari hii hakuna aliyetikisa kichwa. Mama yangu akaona hatari, akaanzisha wimbo wa kanisa. Wanawake wakaitika. Wakipaza wale ndani, sisi nje tunapaza zaidi, na watoto wakalia.

Jua likielekea kuzama, askari alifika, peke yake, amechoka, bunduki begani.

"Hapa iko nini?"

"Maharage, Papa," akasema mama yangu bila kuinua macho. "Bwana mukubwa njo alisema tuchague. Ao alibadilisha?"

"Na ndani?"

"Bwana wa duka na bageni yake."

"Banafanya nini?"

"Banafunga. Habakule tangu jana. Wewe ulikula?"

Hakuwa amekula. Nikamletea sahani ya maharage na mihogo, akaketi juu ya gunia. Nilidhani tumepona. Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo hakuna mwanamume hata mmoja aliyeona vema kunikumbusha: mwisho wa mfungo ule wanapiga pembe la kondoo.

Likapigwa. Mlio mmoja mrefu, mpaka vikombe kabatini vikatetemeka. Askari akasimama, kijiko mkononi.

"Ile ni nini?"

Mmoja wa wale wawindaji, aliyekuwa amekaa pembeni tangu walipofika, akatoa pembe lake la swala, lile la kuitia mbwa, akalipuliza kwa nguvu kuelekea bondeni.

"Tuko naita imbwa," akasema. "Ingine ilipotea."

Mbwa wao alikuwa amelala palepale miguuni pake. Askari alimtazama mbwa, akautazama mlango, akamtazama mama yangu. Kisha akaketi, akamaliza sahani yake, akaomba nyingine.

Sijui askari alisema nini kwa wakubwa wake. Nadhani hakusema mengi, lakini habari zina miguu. Bwana mkubwa alikuja mwenyewe na motokari, akawauliza wanawake mmoja mmoja, na wote walimjibu maharage, maharage, maharage, mpaka masikio yake yakawa mekundu. Alifunga duka letu hata hivyo. Wakati lilipokuwa limefungwa, wanawake wa kilima waliniletea viazi, ndizi, na mara moja kuku, na kila aliyeleta alinilalamikia kwamba hapati chumvi.

Vita ikaisha. Tulicheza barabarani. Bwana yangu akaanza kusema juu ya kwenda kumwona mama yake, kunionyesha bandari na nyumba yao. Ndipo mtu wa kwao akapita kutoka mji wa Elisabethville na habari. Wajerumani walikishika kisiwa, wakawapakia Wayahudi wote merikebuni kama mizigo, wazee na watoto, wakawapeleka mbali kaskazini kuwaua. Mama yake. Dada zake. Barabara nzima aliyokulia.

Walikuja nyumbani kwangu wote wa kisiwa kile. Walipasua kola za mashati yao, wakaketi chini sakafuni. Fundi alikuja pia, naye hajui wa kwao Polonia wako wapi, akaketi bega kwa bega na Papa wa Ngungu. Bwana yangu hakulia. Hakula wala hakusema. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamwacha. Ninakiri hasira yangu ilikuwa kubwa, na sikujua niipeleke wapi, kwa sababu waliostahili hasira ile walikuwa mbali.

Mama yangu alikuja na wanawake wake, bila kuitwa, kama wanavyokwenda kwenye matanga yoyote. Papa wa Ngungu alinong'ona kwamba kwa sheria yao mgeni hamsemeshi mfiwa mpaka mfiwa aseme kwanza. Mama hakumsikia, au alimsikia. Alinyoosha miguu yake juu ya sakafu karibu na mkwe wake, ambaye alikuwa hajawahi kukaa karibu naye, akauliza:

"Mama yako, jina yake nani?"

Bwana yangu aliinua uso. Kisha akalitaja.

"Alikuwa muntu wa namna gani?"

"Mukali," akasema. "Mukali sana." Na machozi yakaanza kumtoka, na akasema jinsi mama yake alivyompiga kwa mwiko kwa kuiba zabibu, na jinsi alivyogombana na jirani juu ya mti wa tini uliovuka ukuta, miaka mingi, na jirani alipougua akampelekea supu kila siku, akimtukana tangu mlangoni.

"Njo bale," mama yangu akasema. "Njo bale banamuke bakali kama sisi." Akamsogezea sahani aliyoileta, na bwana yangu akala.