Rangi Nyekundu Kwenye Nati Iliyolegea

Nakumbuka, mjukuu wangu, Jumamosi moja pale karakana yetu ya Temeke, na kila nikiikumbuka natamani siku ile ningeumwa nikalala nyumbani. Mie shule niliishia darasa la tatu, basi nivumilie nikizungukazunguka, nitafika tu.

Enzi zile za Ujamaa sie tulitengeneza mashine za kuvunia mpunga za vijiji vya bondeni Ruvu. Fomeni wetu, mzee Likunja, mtu wa Newala asiye na maneno mengi, alikuwa na utaratibu wake. Ukishakaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayokuonyesha umekaza kiasi gani, unachovya kijiti kwenye rangi nyekundu unachora mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Nati ikisogea, mstari unakatika, hata dereva asiyejua kusoma anaona. Hakuna aliyekagua baada yako. Mstari wako ulitosha.

Siku hiyo kulikuwa na dansi la mchana Buguruni, na mie nilikuwa na suruali mpya, pana miguuni, ya kufagia barabara. Usicheke, babu yako alikuwa mtanashati. Zilibaki nati nne za nyumba ya beringi, ile inayoshika pipa la kupuria mpunga. Spana ya kipimo alikuwa nayo mwenzangu, ilitakiwa ningoje. Sikungoja. Nikazisokota kwa vidole, nikajiambia Jumatatu nitazikaza, nikazipiga rangi ili zionekane zimekwisha. Beringi yenyewe nilipoizungusha ilikwaruza kidogo. Nikaishindilia grisi, ikanyamaza.

Jumatatu nikakuta mashine imeshapakiwa kwenye lori, imekwenda. Ningeweza kusema. Nikashika kazi nyingine.

Wiki haikuisha, tukaitwa kijijini, mie na mzee Likunja. Mpunga umeiva, mawingu yametanda, pipa limechomoka limepinda. Tulikuta kijiji kizima kinavuna kwa mundu, kina mama matope mpaka magotini. Dereva wao, Saidi, kijana wa rika langu, alikuwa amenyang'anywa mashine. Walimwambia ameiendesha kama baiskeli ya kukodi, na mkutano wa kijiji ulishaamua hataigusa tena. Na bado yeye ndiye aliyeninawisha mikono, akanikaribisha, "Karibu fundi." Nikala wali wao mpya. Nilikula, mwanangu, sitakuficha.

Baada ya chakula mzee Likunja akainama kwenye mashine, palepale kando ya shamba. Nati tatu hazikuwepo. Ya nne ilikuwepo, mstari wake mwekundu mzima, haujakatika popote. Akaigusa kwa kidole. Ikazunguka.

"Hii rangi ya nani?"

Nikajibu haraka kwamba siku ile tulikuwa wengi. Saidi alikuwa amesimama pale pale, birika bado liko mkononi. Mzee hakuniuliza mara ya pili. Alivua kofia yake, akawageukia wanakijiji.

"Basi ni yangu. Karakana ni yangu mimi."

Mtu mzima yule, mvi kichwani, anaomba radhi kwa uongo wangu mbele ya wajukuu wa watu. Nikasema, "Ni mimi. Sikukaza. Saidi hana kosa."

Mama yake Saidi akanyoosha mgongo pale shambani, akaja akanipa mundu wake. "Shika, fundi. Huu hauna nati."

Wenzake walicheka. Nilivuna na ile suruali yangu pana mpaka mvua ikatukuta, na mpunga mwingine ukalala majini mbele ya macho yangu. Saidi alirudishiwa mashine yake. Lakini hakuniita fundi tena, na mie sikumlaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayeanza kazi ya mashine, izungushe beringi kwa mkono kabla hujaitia grisi, uisikilize. Ikikwaruza, ibadilishe, usiizibe mdomo. Kaza nati kwa kipimo, ndipo upake rangi, na mashine ikishafanya kazi ya siku ya kwanza, rudi uzipime tena. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajabebeshwa. Mie nilichelewa wiki moja tu, na uzee huu wote bado nainamisha kichwa.

Mungu akutulizie mikono yako, na akuepushe na kunawishwa na mtu anayeadhibiwa kwa kosa lako. Nenda salama.