Shemeji Yangu Hatua Mbili

Shemeji yangu, mume wa dada, alilinda chumba cha tatu katika jumba la sanaa kwa miaka kumi na tisa, na sidhani kama aliwahi kumaliza siku bila kumwambia mtu, "Rudi nyuma hatua mbili, tafadhali." Ndiyo maana pale kazini sote tulimwita Hatua Mbili. Hakuchukia. Nadhani hata alilipenda jina hilo, ila uso wake haukuwa na desturi ya kutangaza mambo kama hayo.

Mimi nilimjua pande zote mbili. Nyumbani ni shemeji, mtu ninayeruhusiwa kumtania mpaka achoke. Kazini nilikaa kaunta ya mlangoni, nikipokea mikoba, miavuli na chupa za maji, na kuwapa wageni kibao chenye namba. Kazi hiyo alinitafutia yeye, na hakuniacha nisahau. Siku yangu ya kwanza alinirudisha nje kwa sababu nilikuwa natafuna karanga.

Masharti ya jumba letu si magumu. Usiguse, usikimbie, usipige picha kwa mwanga wa kamera, ukitaka kuchora tumia penseli, na usivuke mstari mweupe uliopigwa sakafuni mbele ya picha. Wenzake waliyavua masharti hayo jioni pamoja na sare. Yeye alikwenda nayo nyumbani. Kwake hakuna aliyeegemea ukuta, na watoto wake walikua wakitembea na mikono nyuma kama wazee waliostaafu. Siku moja mkurugenzi wetu alimleta mgeni mkubwa, akawa anaielekezea picha kwa kalamu yake. Hatua Mbili aliiomba ile kalamu mbele ya mgeni, na mkurugenzi akaitoa. Angefanyaje? Yule mtu hana masihara.

Sasa, miaka kumi na moja iliyopita dada yangu naye alikuja kutazama.

Dada ni fundi cherehani, na chumba cha tatu kina picha kubwa ya mwanamke anayeshona kando ya dirisha. Alikuwa amesikia habari za picha hiyo kila siku kwa miaka minane, tena akiwa anapakua chakula. Akajishonea gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo. Alifika mbele ya picha, akaitazama, akakunja uso. Akainama karibu, akanyoosha kidole kuonyesha kitu, na nyuma yake sauti ikasema, "Mgeni, rudi nyuma hatua mbili, tafadhali."

Watu waligeuka kumtazama. Dada alirudi nyuma hatua mbili, kisha akaendelea kurudi mpaka kwenye kaunta yangu, akachukua mkoba wake, akaenda zake nyumbani. Hata hilo lingepita, maana wagombanao ndio wapatanao. Lakini kila anayevuka mstari huandikwa katika daftari la mlinzi, na jioni ile mimi nilichungulia. Mgeni: mwanamke. Umri: wa makamo. Kosa: kunyoosha kidole. Dada alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Nani alimpelekea habari? Mimi. Nilidhani tutacheka pamoja. Dada hakucheka. Aliweka mkasi chini, akaapa kwamba hatakanyaga tena mle ndani, na tangu siku hiyo shemeji akianza habari za chumba cha tatu, dada huanza kuendesha cherehani. Mdomo wangu ndio ulioyaponza yote, na sikuwahi kumwomba radhi yeyote kati yao.

Basi mwaka huu ukafika mwezi wa shemeji kustaafu. Asubuhi moja alikuja kusimama mbele ya kaunta yangu, akawa anavitazama vibao vya namba kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Akaniambia hataki keki wala hotuba. Alitaka mkewe akione chumba kile angali yeye ndiye mlinzi wake, maana mwezi ujao atakuwa mtu wa kawaida anayepanga foleni. Nilimwonea huruma, na hilo si jambo ninalomfanyia mara nyingi.

"Maneno uliyapeleka wewe," akasema. "Basi peleka na haya."

Niliyapeleka mara tatu. Mara ya kwanza dada alisema ana kazi za watu. Mara ya pili alisema hivyo hivyo, na mezani hapakuwa na hata kitambaa. Mara ya tatu aliendelea kushona pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akauliza siku ya mwisho ni lini.

Alikuja siku hiyo baada ya saa nane, na alikuja na utii uliozidi matusi. Alinikabidhi mkoba, akanikabidhi mwavuli, akachomoa hata pini mbili zilizokuwa kwenye ukosi wake. Kisha akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha tatu, mikono nyuma, asiingie wala asitoke. Nilimwachia mwenzangu kaunta nikamfuata. Hili sikuwa tayari kuhadithiwa.

Ndani mlikuwa na wageni watano hivi. Shemeji alimwona, akalivuta koti lake chini likae sawa.

"Ukiwa hapo huoni kitu," akasema hatimaye.

"Nayaona masharti yote," dada akamjibu.

Wageni wakaacha kutazama picha. Shemeji akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Mke wangu, nakuomba usogee mbele."

Dada akasogea. Alikwenda mpaka vidole vya miguu yake vikakaribia mstari mweupe, akasimama hapo hapo.

"Siku ile nilitaka kukuonyesha sindano yake," akasema. "Haina uzi. Miaka yote anashona na sindano tupu."

Mlinzi kazi yake ni kuwatazama watu, na picha huipa mgongo. Shemeji aliijua fremu, aliijua misumari, aliyajua mavumbi yake yanapokaa. Sindano hakuwahi kuitazama. Aligeuka akawapa mgongo wageni, jambo ambalo sikupata kuliona, akainama, akainama zaidi. Kweli uzi ulikuwa unapita kando, haujaingia tunduni. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umevuka mstari wote mzima.

"Shemeji," nikasema, "rudi nyuma hatua mbili, tafadhali."

Akarudi, mdogo mdogo, akiwa amejiinamia. Dada alicheka mpaka akamshika mkono asianguke, na hakuuachia upesi.

Jioni shemeji aliandika daftari lake mara ya mwisho, akalikabidhi pamoja na funguo. Mimi nililichungulia, maana tabia sijaiacha, na safari hii pia nilikwenda mbio kumwambia dada. Nilimkuta amekaa kwenye cherehani, akaniambia nisome polepole. Mgeni: mke wangu. Kosa: la mlinzi. Pale penye umri alipaacha wazi.