Siku Niliyompoteza Zuhura Siyu

Wiki iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu kupiga kambi Siyu, na mpaka leo naona haya kukutana na wazazi wao. Asubuhi, tulipokuwa tayari kuanza matembezi, Zuhura hakuonekana. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Maji yalikuwa yakijaa kwenye mikoko, nami nikaanza kuwaza mtoto wa wenyewe amekwama topeni. Nikawaomba wavuvi watusaidie kumtafuta, huku machozi yakinitoka mbele ya darasa zima.

Mara Zuhura akatokea, ameshikwa mkono na mwanamke mzee wa pale kijijini. Nilimkumbatia, nikasema alhamdulillahi.

"Mwalimu, mtoto alikuomba ruhusa," yule mama akasema kwa upole, kila mtu akisikia. "Alikwambia aenda kwa nyanya, nami ndimi nyanya yake. Ukamjibu aende, lakini achague zilizoiva."

Nikakumbuka. Nilikuwa nikikata vitunguu vya mchuzi, wala sikuinua kichwa.

Wavuvi wakaangua kicheko. Yule bibi akafungua mtandio wake, akanionyesha nyanya nyekundu za shambani kwake.

"Basi nimekuchagulia mwenyewe," akasema.