Uvimbe Mkononi mwa Justa

Justa wa Nansio alikuwa fundi wa kushona nyavu, na hakuna mvuvi aliyewahi kumrudishia fundo bovu. Kisha baridi yabisi ikamkunja vidole. Nyavu aliziacha bila kulia. Kilichomliza ni kwamba bintiye Gladness alikuwa anarudi nyumbani kujifungua, na kumwogesha mjukuu ni kazi ya bibi. Ataogeshwa na nani, jirani?

Hospitali moja ya Mwanza ikakubali kumpa sindano mpya za ugonjwa huo. Kwanza nesi Odeta alimchoma kidogo kwenye ngozi ya mkono, kipimo cha kifua kikuu. Akamhurumia asivuke ziwa tena kwa ajili ya kuangaliwa tu.

"Mama, siku ya tatu paangalie mwenyewe, unipigie. Pakivimba, sindano itasubiri kwanza."

Siku ya tatu palivimba, pagumu, papana kama sarafu. Justa akashusha mkono wa gauni, akapiga simu.

"Pako sawa, mwanangu. Laini kabisa."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo alikuwa akiwaambia wenzake kila siku.

Sindano zilifanya kazi, usiseme! Mwezi wa pili vidole vilinyooka. Winnie alipozaliwa, bibi alimwogesha mwenyewe asubuhi na jioni, akalala naye ubavuni ili mama mtu apumzike. Alikuwa na furaha tele, na nani angemlaumu? Kikohozi kilipoanza alisingizia vumbi la dagaa.

Baada ya miezi mitatu alivushwa Mwanza amebebwa, mbavu zinahesabika. Daktari Malimi hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama, chembe za mwili zina vipokezi, ndiyo masikio yake ya kusikia amri. Kwenye viungo vyako kipokezi kimoja kilikuwa kinawasha moto, vidole vikaharibika. Kwenye chembe zinazolinda mapafu, kipokezi hichohicho kinashikilia ukuta unaofungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Sindano inazuia amri isikifikie popote kilipo. Haichagui. Vidole vikapona, ukuta ukabomoka. Lakini si tulikupima? Mkono haukuvimba?"

"Ulivimba, daktari."

Odeta, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Sindano tunazisimamisha. Vidole vitajikunja tena."

"Sawa." Hilo Justa alikuwa ameshalikubali njiani.

"Nyumbani unalala na nani?"

Justa akavitazama vidole vyake, vyote kumi vimenyooka. Nje, kwenye benchi alipoketi Gladness, Winnie alikuwa anakohoa.