Mkono wa Sweta wa Doris

Doris wa Tlawi hajui kujishusha linapokuja suala la sweta, na kwa kweli sioni kwa nini ajishushe. Muulize nani fundi bora wa sweta Mbulu mjini, atakujibu "mimi" kabla hujamaliza swali.

Kwa miaka kumi na moja alifuma sweta za shule dukani kwa Mzee Muksini, karibu na soko. Mwaka jana akanunua mashine yake ya kufuma, akaaga vizuri, akafungua kibanda mtaa wa pili. Wiki haikuisha, Mzee Muksini akamletea karatasi aliyoisaini siku alipoajiriwa: akiacha kazi, asifume sweta popote Mbulu kwa miaka mitatu. Miaka mitatu! Mtu kazi yake ni kufuma, akae mikono kifuani, ale nini?

Wakafikishana baraza la kata. Doris aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akasema, "Sahihi ni yangu, sikatai. Lakini siku ile nilikuwa na shida ya kazi. Hata wangeandika nisipumue, ningesaini."

Mwenyekiti, Mzee Margwe, alicheka mpaka akakohoa. Mzee Muksini hakucheka.

"Nimfundishe mimi, halafu aondoke na wateja wangu?" alisema. "Haki iko wapi?"

"Wateja wako sitawafuata, mzee. Zile shule zako tatu nakuachia, hata wakija wenyewe nitawarudisha. Ila mikono hii niiache wapi?"

Mzee Muksini akainua sweta moja ya kibanda cha Doris, akaonyesha mkono wa sweta hiyo, mrefu kupita kiasi na uliokunjwa kwa ndani. "Na huu? Mtoto akirefuka, mzazi anakunjua, sweta inafika miaka mitatu. Hii ndiyo siri ya duka langu!"

Damu ilimchemka Doris. Siri ya duka! Mkono ule mama yake aliufuma kwa sindano kule Tlawi, kwa watoto saba, maana kununua uzi kila mwaka hakuweza. Alifungua kinywa ajibu, lakini Mama Salma, mke wa Mzee Muksini, alikuwa ameshasimama kwenye benchi la nyuma.

"Baba Abdulswamad, tusichukue cha mtoto wa watu," alisema. "Siku ya kwanza alikuja amevaa sweta aliyofumiwa na mama yake. Mimi na wewe tulimwomba aivue, tukaikunjua mezani. Yeye ndiye aliyetufundisha."

Mzee Muksini aliukunjua ule mkono wa sweta. Si mwongo yule mzee. Alikuwa amesahau tu, maana sifa za miaka kumi na moja zinasahaulisha.

"Ni kweli," alisema.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema Mzee Margwe, na Mzee Muksini akaomba kalamu, akaufuta mwenyewe ule mstari wa miaka mitatu kwenye karatasi.

Walipotoka, Mzee Muksini alimsubiri Doris mlangoni. Aibu alikuwa nayo, lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Doris, wale wasichana wangu wawili wapya, huo mkono unawashinda. Nani atawaelekeza sasa?"

Doris alijisikia fahari mpaka akashindwa kuificha.

"Walete kwangu Jumatatu, mzee," akasema. "Wakishajua, waende wanakotaka. Mimi simsainishi mtu karatasi."